Ndoto nimezibandika ukutani, mama kaja kaziona!

Hebu inua macho utazame ukuta wa chumba chako. Kuna nini hapo? Kama wewe ni mtoto wa mjini kapuku kama mie, najua kuna kalenda ya mwaka jana, msumari wa kuning'inizia suruali, na picha ya mchezaji mmoja ambaye timu yake ilishamuuza zamani. Ukuta wa geto langu tangu Januari una mambo makubwa. Una ghorofa. Una V8 nyeusi. Una ndege, una bahari ya bluu, una sahani ya kamba kochi na glasi yenye kimwavuli. Vyote hivyo viko juu ya karatasi moja ya manila, gundi imeshakauka, na mwenye picha hizo anadaiwa kodi ya miezi miwili.

Ndiyo mambo ya ubao wa ndoto hayo, bwana.

Kwa yule ambaye upepo huu haujampitia, shughuli yenyewe si ngumu. Unachukua manila au ubao, unakata picha za vitu unavyovitaka katika maisha, unabandika, unauning'iniza mahali utakapouona kila ukifumbua macho. Dunia iliushika kwa nguvu baada ya mwaka 2006, zilipotoka filamu na kitabu cha The Secret cha mama mmoja wa Australia, Rhonda Byrne, ambaye hoja yake kubwa ni kwamba unachokiwaza kwa nguvu ndicho kinachokujia. Siku hizi Dar mwaka ukianza akina dada wanakodi bustani, wanavaa sare, wanachanga, wanakata picha huku na wenyewe wanapigana picha. Na usiwacheke. Hata nchi ina ubao wake. Tulikuwa na Dira ya 2025, mwaka 2025 ikazinduliwa Dira ya 2050. Tofauti ni kwamba ile ya nchi ina kurasa nyingi na haina kamba kochi.

Mie nilikwenda kwenye shughuli ya Sinza kwa sababu moja tu, nilikuwa sina cha kuandika wiki ile. Mchango elfu thelathini, juisi na vitafunwa ndani. Wanaume tulikuwa wawili, na huyo mwenzangu alikuwa mpiga picha wa shughuli. Dada mshereheshaji, mwenye sauti ya kuuza manukato, akatusimulia habari za Jim Carrey, yule mchekeshaji wa sinema. Ati zamani akiwa hana kitu alijiandikia hundi ya dola milioni 10, akaiwekea tarehe ya miaka ya mbele, akaikunja kwenye pochi. Tarehe haijafika, mshiko ukaingia! Ukumbi mzima vigelegele. Dada akafunga na maneno yake: "Ukiiona, ni yako."

Basi nami nikashika mkasi.

Sasa tatizo la kwanza lilikuwa magazeti yenyewe. Tulikuta rundo mezani, yote ya Ulaya na Marekani, ya miaka hiyo. Ukitaka nyumba, unapata ya kwao. Ukitaka familia, ya kwao. Mie nikajichagulia ghorofa moja bomba kabisa, nyeupe, madirisha makubwa, na juu ya paa kuna bomba la matofali limesimama kama mnara. Sikulijali. Nikabandika. V8 niliikuta kwenye tangazo. Ile picha ya jamaa mwenye kifua cha vipande sita nikaikata kiunoni, nikaiweka pembeni, maana mwaka huu nilikusudia pia kuacha chipsi za usiku. Katikati nikaandika kwa kalamu ya rangi: MWANDISHI MKUBWA. Nikapigwa picha nimeushika kifuani, nikatabasamu kama mtu aliyekabidhiwa kombe.

Nyumbani, mama mwenye nyumba alikuwa wa kwanza kuuona. Aliingia kufuata hela ya umeme, akasimama, akautazama, akasema, "Baba, hiyo gundi isije ikanibandulia rangi." Akachukua elfu mbili yake, akatoka.

Washikaji wa kijiweni walikuja makundi kwa makundi. Walisifu gari tu. Mchumba wangu naye alikuja Jumapili, akaukagua kimya kimya kuanzia juu hadi chini kama mwalimu wa zamu, halafu akauliza, "Na huyu dada wa kizungu aliyelala ufukweni ndiye nani?" Nikamwambia ni bahari ndiyo niliyoitaka, yeye kapatikana tu humo humo. Wee! Jumapili ile tulikula wali bila maneno. Kwa hiyo ushauri wa kwanza wa bure kwa vijana wenzangu: ukikata bahari, kata bahari.

Ikapita Februari, ikapita Machi. Nikawa narudi jioni nimechoka, najitupa kitandani, naitazama V8. Aisee, nasikia raha! Raha ya kweli, mpaka mabega yanalegea. Naiona barabara ya Bagamoyo, naona kiyoyozi, naona wale walionidharau wapo kituoni wanasukumana mlango wa mwendokasi. Nikimaliza safari yangu hiyo nalala usingizi mtamu. Makala ya safu nilikuwa naiandika usiku wa mwisho, na nyingine mbili nilizoahidi kwa mhariri hazikuandikwa hadi leo.

Ikabidi nitafute, manake nilianza kuona huu ubao ni kama unaninywesha kitu. Nikakuta kuna mama msomi wa saikolojia, Gabriele Oettingen, Mjerumani anayefundisha New York, ambaye amefanya kazi ya miaka mingi kuchunguza ndoto kama hizi zangu. Katika utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2002, yeye na mwenzake waliwafuatilia vijana wa Ujerumani waliomaliza chuo kwa miaka miwili. Waliokuwa wakijipa ndoto tamu mara kwa mara kuhusu kazi watakayopata ndio waliotuma maombi machache, wakapata kazi chache, na hata waliopata walilipwa kidogo kuliko wenzao. Umeona? Maelezo yake ni kwamba ukishaionja raha kichwani, mwili unajua shughuli imekwisha, nguvu inashuka. Ndiyo yale mabega yangu yaliyokuwa yanalegea mbele ya V8.

Nikamtafuta na huyo Jim Carrey. Kisa cha hundi ni cha kweli kwa maneno yake mwenyewe, alimsimulia Oprah Winfrey kwenye kipindi mwaka 1997. Lakini dada yetu wa Sinza kakikata mkia. Pale pale kwenye kipindi, jamaa aliongeza kwamba huwezi kuona picha kichwani halafu ukaenda zako kula sandwichi. Na huyo alikuwa kaanza kupanda jukwaani Toronto akiwa na miaka 15, mara ya kwanza akaboronga. Yaani alikuwa na hundi mfukoni na miguu iko kazini. Mie nilikuwa na hundi na sandwichi.

Hayo nilikuwa nayasoma kwenye simu kwa bando la usiku, nacheka mwenyewe. Kicheko kilikatika mwezi wa nne, mama alipokuja kutoka Muheza.

Mama yangu hatangazi safari. Unasikia tu simu: "Niko Magufuli hapa, njoo unipokee mzigo." Mzigo ni machungwa, gunia zima, kana kwamba Dar hakuna machungwa. Tukafika geto, shikamoo za majirani zikaisha, akakaa kitandani, akavua viatu, akainua macho.

Msomaji wangu, mie nimewahi kusimamishwa mbele ya shule nzima nikatajwa kwa utoro. Haikufika hapo.

Akautazama ubao muda mrefu. Kisha akaanza maswali yake, taratibu, bila kejeli, kama mtu anayetaka kuelewa.

"Mwanangu, hiyo nyumba ya nani?"

"Yangu, mama. Yaani nitakayojenga."

"Hilo bomba hapo juu ya paa la nini? Mtapikia kuni ndani?"

Nikaenda karibu kutazama. Kumbe ni bomba la moshi, la nyumba za kwenye baridi ambako wanawasha moto sebuleni. Miezi mitatu nilikuwa najiombea nyumba yenye jiko la kuota moto, hapa Manzese, ambako usiku tunalala mlango wazi tukigombana na mbu.

"Haya. Na kiwanja kiko wapi?"

Kimya.

"Tofali unajua siku hizi shilingi ngapi?"

Sijui, mama.

Hakunicheka. Akamenya chungwa, akanipa nusu, akasema, "Mie nyumba yangu niliichora nyuma ya mlango wa jiko. Umesahau?"

Sikuwa nimesahau, ila sikuwahi kuiita kwa jina hilo. Nyuma ya mlango wa jiko kwetu, tangu nina akili, kulikuwa na vijiti vya mkaa. Vimesimama kwa safu, vitano vitano. Mama alikuwa akiuza vitumbua asubuhi na machungwa mchana, na kila hela ikitimia anakwenda dukani ananunua bati moja. Moja tu. Anarudi nalo kichwani, analisimamisha chumbani ukutani, anachora kijiti. Ilimchukua miaka sita kufikisha vijiti 32. Hakuna siku alibandika picha ya nyumba, na nyumba ile leo mvua ikinyesha tunailalia.

Lakini katika safu ile kuna vijiti viwili vimepigwa mstari wa kukata. Hivyo najua vilikatwa lini. Ni mwaka 2016, niliposhinda kwenda kidato cha kwanza. Mwaka ule Serikali ilifuta ada, lakini sare, viatu, madaftari na godoro la bweni havikufutwa. Bati mbili zilirudi dukani zikanivalisha.

Sasa nikwambie ambacho sijawahi kukiandika hapa, na nimekuwa na safu hii muda si mrefu, lakini wa kutosha kwa mtu muungwana kusema ukweli. Wengi mnaonifahamu mnajua nimemaliza kidato cha nne na "nasubiri chuo". Hilo neno nasubiri nimelitumia tangu Januari 2020. Matokeo yangu ni haya: Kiswahili B, Historia D, Uraia D, mengine manne F. Divisheni foo ya pointi 30. Kusomea cheti cha uandishi wa habari wanataka ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, mie ninayo matatu. Na bila kuanza na cheti hufiki stashahada, na stashahada ndiyo kiwango cha chini kilichowekwa na kanuni za mwaka 2017 za ile Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 ili utambulike kuwa mwandishi. Kwa hiyo huyu MWANDISHI MKUBWA aliyeandikwa kwa kalamu ya rangi katikati ya manila hana hata kitambulisho. Analipwa kwa makala, kwa jina la safu, na mhariri akibadilika kesho naye kwisha habari yake.

Mama hakusema hayo yote. Aliuliza kitu kimoja tu, akiwa anafuta mikono: "Na lile somo lililokosekana, umelibandika wapi?"

Hakuna, mama. Lile sikulibandika.

Usiku ule kalala kitandani, mie chini kwenye mkeka, sikupata usingizi nikawaza kwa nini. Nadhani jibu ni la aibu. Ubao wa ukutani unaonwa na wageni. Ukibandika V8, mgeni anakuita mtu mwenye malengo. Ukibandika D ya Jiografia, mgeni anajua kumbe hukuipata. Kwa hiyo nilikuwa nimekusanya vitu vyote ambavyo havinidai chochote, nikakiacha nje kile kimoja kinachonidai. Na ninyi jikagueni. Yule dada aliyekaa karibu nami Sinza alibandika Paris, Dubai na pete, halafu wakati wa juisi akaniambia kwa sauti ndogo kwamba anachotaka kwa kweli ni kulipa deni la kikoba kabla ya Aprili. Sikuliona deni lile kwenye manila yake.

Asubuhi mama akaondoka. Manila sikuichana, maana elfu thelathini ni elfu thelathini, ila ghorofa nimelifyeka bomba la moshi kwa mkasi. Ubao mpya nimeufanya nyuma ya mlango wangu, ambako mlango ukiwa wazi hauonekani. Una karatasi moja ya daftari. Juu imeandikwa Jiografia, Baiolojia, Kiingereza, Novemba. Nahitaji D moja tu lakini nimejiandikisha matatu, maana bahati na mie hatusalimiani. Chini ni vijiti. Saa mbili za kusoma, kijiti kimoja.

Sikubuni mie hili, na si mama peke yake. Mwaka 1999 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha California pale Los Angeles, Lien Pham na Shelley Taylor, walichukua wanafunzi waliokuwa na mtihani. Kundi moja wakaambiwa kila siku wajione kichwani wamepata alama ya juu, wanafurahi. Kundi lingine wajione wanasoma: wamekaa wapi, wameshika nini, wamezima televisheni, wamemkatalia rafiki anayewaita watoke. Hilo la pili ndilo lililosoma zaidi na kupata alama nzuri zaidi. Mama yangu hajui Los Angeles iko upande gani, ila mlango wake wa jiko ungewaokolea muda.

Kutoka kwa yule mama wa Kijerumani nimechukua kitu kimoja kinachonisaidia mno. Anasema ukishataja unachokitaka, hapo hapo taja kitu kilichomo ndani yako mwenyewe kinachokuzuia, halafu ukifungie na neno "kama" na neno "basi". Nami nimeandika pembeni ya vijiti. Kama washikaji wakiita kijiweni kabla ya saa 3 usiku, basi nasema nipo kazini, na ni kweli. Kama umeme ukikatika, basi naenda kusomea pale duka la dawa penye jenereta. Kama nikiona aibu mlangoni pa tuisheni, basi naingia hivyo hivyo.

Hiyo ya mwisho ndiyo niliyoitumia zaidi. Darasa la jioni lina watoto wa miaka 17 wanaoniita "braza", na mama mmoja mwenye kichanga anayekaa nyuma ili akilia atoke haraka. Siku ya kwanza mwalimu alinidhania nimekuja kudai hela. Siku ya pili kijana mmoja kanitambua kwa picha ya gazetini, akaniuliza kwa sauti, "Braza, si wewe unaandikaga?" Darasa zima likageuka. Nikasema ndiyo, ni mimi, na nimekuja kwa ajili ya ramani za Jiografia. Yule mama akacheka, akasogea, akanipa nafasi kwenye benchi. Siku hizi tunabadilishana, yeye ananifundisha mizani ya ramani, mie namsahihishia insha.

Mwenye kutaka kujaribu asinunue hata gundi. Mlango unao, mkaa upo. Ukitaka picha kata ya hapa hapa: pagale la jirani lililofika linta lina maana kuliko kasri la Ulaya, maana unaweza kugonga hodi ukamuuliza mwenyewe tofali kanunua bei gani na fundi kamtapeli wapi. Andika shilingi, si dola. Na kama ni pesa unayoilenga, chora kila mara unapotia kwenye kibubu, si unapokifungua.

Mchumba naye kaugundua ule wa mlangoni wiki hii, alipofunga mlango kwa hasira kuhusu jambo lingine kabisa. Akausoma wote. Nilidhani nitaachwa siku hiyo, maana naye nilimwambia nasubiri chuo. Akauliza vijiti vile ni vya nini, nikamweleza, nikamweleza na F zote nne kwa majina. Hakunijibu. Alichukua kalamu, akaongeza chini kabisa kwa mwandiko wake: Jumamosi nakuhoji Baiolojia. Kaja kweli, na kaniuliza habari za figo mpaka nikaomba maji.

Hadi naandika makala haya nina vijiti 41. Vinatakiwa viwe 50 kwa hesabu niliyojipangia, kwa hiyo nadaiwa, na jana sikuchora kabisa kwa sababu kulikuwa na mechi. Mama kapiga simu Jumapili. Hakuuliza gari wala ghorofa. Kauliza, "Vimefika vingapi?" Nikamtajia. Akanyamaza kidogo, nikasikia anamfukuza kuku, kisha akaniambia machungwa yaliyobaki niyale haraka, yataharibika.